Sataranji ya Simu: Prosesa Inaongeza Pointi Ngapi?

Ukiwa Bukama unasubiri gari la moshi la kuelekea Kamina au Lubumbashi, au simu yako iko kwenye paneli ya jua ya jirani na bado haijajaa, unao muda wa kutosha wa kucheza sataranji, mchezo ambao shuleni huitwa échecs. Programu nzuri za kucheza na simu ni za bure, na zikishawekwa hazihitaji mtandao. Matata huanza watu wawili wanapolinganisha ushindi wao. Mmoja anasema ameifunga programu katika kiwango cha tano. Mwenzake ana programu ileile na kiwango kilekile, lakini kwenye simu yake hajawahi kuambulia hata sare. Kila mmoja anamwona mwenzake mwongo. Inawezekana kabisa wote wawili wanasema kweli, kwa sababu simu zao hazina kasi moja. Tutaona kasi hiyo inafanya nini, utaipima vipi mwenyewe, na kama kuna haja ya kutoa pesa kwa ajili yake.

Tuanze na namba zinazoandikwa kando ya majina ya programu: 1500, 2200, 3500. Hizo huitwa pointi za Elo. Arpad Elo alikuwa profesa wa fizikia nchini Marekani, mzaliwa wa Hungaria, na Shirikisho la Sataranji la Dunia, FIDE, liliukubali mfumo wake mwaka 1970. Kazi ya pointi ni kutabiri matokeo. Wawili wenye pointi sawa wanatazamiwa kugawana ushindi nusu kwa nusu. Ukimzidi mwenzako kwa pointi 100, unatazamiwa kupata kama 64 katika michezo 100, kila sare ikihesabiwa nusu. Ukimzidi kwa 200 utapata kama 76, na kwa 400 utapata kama 91. Ili ujue namba hizo zina ukubwa gani kwa binadamu, FIDE tangu Machi 2024 haiandiki mtu yeyote chini ya 1400, na anayetaka cheo cha grandmasta lazima afikishe 2500. Amon Simutowe, mzaliwa wa Ndola, hapo Zambia karibu na mpaka wetu wa Katanga, ndiye wa kwanza kutoka Afrika ya kusini mwa Sahara kukipata cheo hicho. Magnus Carlsen wa Norwei alifika 2882 mwaka 2014, na hakuna binadamu aliyewahi kupita hapo.

Sasa, prosesa inaingilia wapi? Prosesa ni kile chombo kidogo ndani ya simu au kompyuta kinachofanya hesabu zote. Programu ya sataranji hucheza kwa kuhesabu. Inachukua kila hatua inayoweza kuchezwa, inatazama jibu la kila moja, kisha jibu la jibu, halafu inachagua njia inayoiacha pazuri zaidi. Kwa kawaida mchezaji ana hatua kama 30 za kuchagua katika kila zamu. Basi kutazama hatua yako na jibu la mpinzani ni mikao 900 ya ubao. Ukitazama hatua nne mbele, mikao inafika 810,000. Ukitazama sita, inapita milioni 700. Programu zina mbinu za kuziruka njia zisizo na maana, na bila mbinu hizo zisingefika mbali. Hata hivyo kila hatua moja zaidi mbele inadai hesabu mara kadhaa ya ile iliyotangulia. Prosesa yenye kasi inapitia mikao mingi zaidi kwa sekunde, hivyo katika muda uleule inaona mbali zaidi, na inayoona mbali hukosea kidogo.

Kuona mbali kunaongeza pointi ngapi? Mmoja wa watu wa kwanza kulipima jambo hili vizuri ni Ken Thompson wa maabara ya Bell huko Marekani. Pamoja na Joe Condon alitengeneza mashine ya sataranji iitwayo Belle, iliyokuwa bingwa wa dunia wa kompyuta mwaka 1980. Belle iliweza kupitia mikao kama 160,000 kwa sekunde. Thompson aliichezesha Belle na Belle mwenzake, moja ikiruhusiwa kuona hatua fulani mbele na nyingine ikiruhusiwa hatua moja zaidi. Iliyoona hatua nne ilikadiriwa chini ya pointi 1300. Iliyoona tisa ilipita 2300. Ukiyatazama matokeo yake kwa karibu utaona jambo lenye thamani zaidi: kutoka hatua ya nne hadi ya tano faida ilizidi pointi 300, katikati ikawa kama 200, na kutoka ya nane hadi ya tisa ikashuka hadi kama 120. Ni kama mtumbwi kwenye Lualaba: mpiga kasia wa pili huongeza mwendo unaouona kwa macho, lakini wa nane hata abiria hamtambui.

Katika programu za wakati huo, hatua moja zaidi ilihitaji kasi kama mara tano au sita. Kwa hiyo ukiongeza kasi mara mbili unapata kama theluthi moja ya hatua, au zaidi kidogo. Chukua theluthi hiyo katika zile pointi 200 za katikati, utafika karibu na kanuni ambayo watengenezaji wameitumia kwa miaka mingi: kasi ikizidishwa mara mbili, programu hupata kama pointi 50 hadi 70. Kwa programu kali za leo zikipewa muda mrefu faida ni ndogo zaidi, maana pande zote mbili zinaona mbali mno na michezo mingi inaishia sare. Ishike kanuni hiyo kama kipimo cha mkono, huku ukijua kwamba kwenye simu mpya inakadiria juu kuliko ukweli.

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, kwa kudhani kasi ndiyo kila kitu. Mwezi Mei 1997 mjini New York, kompyuta ya Deep Blue ya kampuni ya IBM ilimshinda bingwa wa dunia Garry Kasparov kwa pointi 3½ dhidi ya 2½. Ilikuwa na prosesa 480 zilizotengenezwa kwa kazi ya sataranji tu, na ilipitia kama mikao milioni 200 kwa sekunde. Miaka 12 baadaye, mwaka 2009 huko Buenos Aires, simu ya mkononi ikiendesha programu ya Pocket Fritz 4 iliingia mashindano ya Copa Mercosur, ikashinda michezo tisa na kutoka sare mmoja. Kiwango chake katika mashindano hayo kilikadiriwa 2898. Simu hiyo haikufikisha mikao 20,000 kwa sekunde. Yaani Deep Blue ilikuwa na kasi mara 10,000 zaidi, ambayo ni sawa na kuzidisha mara mbili mara 13. Kwa kanuni yetu, Deep Blue ingepaswa kuizidi simu ile kwa pointi kati ya 650 na 910, na hakuna anayeweza kudai hivyo akiyatazama matokeo ya simu, hata tukikumbuka kwamba haikukutana na Kasparov. Kilichobadilika katika miaka hiyo ni maarifa yaliyoandikwa ndani ya programu: namna ya kuziacha njia mbovu mapema na namna ya kuupima mkao wa kete.

Maarifa hayo yanapatikana bure. Programu iitwayo Stockfish, iliyoanza mwaka 2008, ni kati ya zenye nguvu kuliko zote duniani, na leseni yake inaruhusu mtu yeyote kuitumia, kuinakili na kumpa mwenzake. Kwenye simu za Android unaipata ndani ya DroidFish, ambayo nayo ni ya bure na inafanya kazi bila mtandao. Gharama yako ni mega za kuipakua mara moja tu. Kama mega ni ghali kwako, muombe ndugu aliye Lubumbashi au Kamina penye mtandao mzuri aipakue, kisha akija akutumie faili kwa Bluetooth. Kunakili hivyo si wizi, leseni imeruhusu. Angalizo langu ni moja: faili hilo lipokee kwa mtu unayemwamini, aliyelitoa kwenye duka rasmi la programu, kwa sababu mafaili yanayozunguka ovyo hubeba virusi vinavyoweza kuichungulia hata pesa yako ya simu.

Ukishaiweka, pima simu yako hivi. Ijaze chaji kwanza, uzime ile hali ya kubana betri, kwa kuwa hali hiyo huipunguza kasi prosesa kwa makusudi. Kaa kivulini. Fungua DroidFish, weka ubao kwenye mkao wa kuanzia, chagua hali ya uchambuzi, na katika mipangilio ruhusu fikra za kompyuta zionekane. Chini ya ubao utaona mstari wa herufi na namba zinazobadilika. Namba iliyo kando ya herufi d ni idadi ya hatua ambazo programu imeona mbele. Kando ya t ni sekunde zilizopita, na kando ya n ni mikao iliyopitiwa tangu ianze. Kando ya nps ni mikao kwa sekunde, na hiyo ndiyo kasi ya simu yako katika kazi hii. Subiri dakika moja, andika d na nps kwenye karatasi. Usifunge. Iache iendelee kwa robo saa, kisha andika tena.

Ukiona nps ya pili imeshuka sana, ni joto. Prosesa ikipata moto hujipunguza kasi ili isiungue, na chini ya mabati saa saba mchana hilo hutokea haraka. Simu inayochajiwa huku inacheza hupata moto zaidi. Kwa hiyo mtu aliyecheza asubuhi chini ya mwembe na mtu aliyecheza adhuhuri kibandani hawakukutana na mpinzani yuleyule, hata kama simu ni moja.

Sasa linganisha na simu ya jirani, mkiwa na toleo moja la programu moja. Usilinganishe nps za programu mbili tofauti, kwa sababu kila moja huhesabu mikao kwa namna yake. Tuseme simu yako inapitia mikao 200,000 kwa sekunde na yake 800,000. Amekuzidi mara nne, yaani mara mbili mara mbili. Kwa kanuni yetu, simu yake ina faida ya pointi 100 hadi 140 mkiziachia simu zote muda sawa. Chukua 120 za katikati: zikicheza zenyewe kwa zenyewe, yake ingetazamiwa kupata kama 67 katika 100. Dawa ya kuzisawazisha ni rahisi, nayo ni muda. Ipe yako sekunde 20 kwa kila hatua na yake sekunde tano, na zote zitapitia mikao sawa. Hata wanaopanga orodha za kimataifa hufanya hivyo: wapimaji wa orodha ya CCRL hutumia kompyuta zao wenyewe za nyumbani, basi kila mmoja hurekebisha muda wa mchezo kulingana na kasi ya mashine yake ili wote wawe wamepima kitu kimoja. Wasweden wa SSDF, walioanza kupima mwaka 1984, wao waliandika katika orodha yao jina la programu pamoja na mashine iliyoiendesha. Namba isiyotaja mashine na muda haikuambii mengi.

Je, gigahezi zilizoandikwa kwenye boksi la simu zinatosha kukuambia kasi? Hazitoshi. Gigahezi ni idadi ya mapigo ya prosesa kwa sekunde, mabilioni mangapi, lakini prosesa mpya hufanya kazi nyingi zaidi katika pigo moja kuliko ya zamani. Vilevile wauzaji hupenda kutaja viini vinane, yaani sehemu nane za kuhesabu ndani ya prosesa moja. Mara nyingi nusu ya viini hivyo ni dhaifu, vimewekwa kwa ajili ya kuhifadhi betri, na kazi ya sataranji haigawanyiki vizuri: viini vingine hurudia kilichokwisha kuonwa na wenzao. Jambo ambalo wauzaji hawalitaji ni kama simu inafanya kazi kwa biti 64 au 32, yaani inashika tarakimu ngapi kwa mkupuo mmoja. Ubao wa sataranji una vyumba 64, na programu kama Stockfish huandika kila aina ya kete kwa tarakimu 64, moja kwa kila chumba. Simu ya biti 64 inaushika ubao wote mara moja. Ya biti 32 inaushika vipande viwili, na kasi hupungua sana. Baadhi ya simu za bei nafuu zina prosesa ya 64 lakini zimewekewa mfumo wa 32. Kwa hiyo uamini ile nps uliyoipima mwenyewe kuliko maandishi ya boksi.

Turudi kwa wale wawili waliobishana. Mengi yanategemea programu yao inapangaje viwango. Programu nyingine hupanga kwa muda: kiwango cha kwanza sekunde moja kwa hatua, cha tano sekunde kumi, na kuendelea. Hapo simu yenye kasi inatoa mpinzani mkali zaidi, na ugomvi hauishi. Nyingine hupanga kwa kina, yaani idadi ya hatua za kuona mbele. Hapo simu zote hutoa mpinzani yuleyule, ya zamani ikichelewa tu kujibu. Stockfish ina njia ya tatu: unachagua pointi unazotaka, katika matoleo ya karibuni kuanzia 1320 hadi 3190. Ikipunguzwa nguvu hivyo, huchagua hatua yake mapema baada ya kuona hatua chache tu mbele, na mara nyingine kwa makusudi huchukua isiyo bora. Ukiiweka kwenye 1500, hata simu ya bei ndogo kabisa hufika kwenye kina hicho kufumba na kufumbua. Basi 1500 ya Bukama na 1500 ya mwenye simu ghali kule Lubumbashi ni karibu sawa. Mkitaka kushindana mtaani kwa haki, tumieni njia hii. Kwenye DroidFish iko katika menyu ya nguvu ya programu. Andikeni kwenye karatasi toleo la programu, pointi mlizoweka na muda wa mchezo, na kila anayekuja acheze kwa masharti hayohayo.

Ukicheza na kompyuta ya Lichess kupitia mtandao, mambo ni mengine. Lichess ni tovuti ya bure isiyo na matangazo, na hapo anayefikiri ni mashine ya mbali. Kasi ya simu yako haihusiki, na mega zinazotumika ni chache, kwani kinachosafiri ni majina ya hatua tu. Lakini ukifungua uchambuzi baada ya mchezo, mara nyingi kazi hiyo hufanywa na simu yako, na hapo betri itashuka.

Basi ununue simu yenye kasi zaidi kwa ajili ya sataranji? Kwa maoni yangu, hapana, na ninalisema hili hasa kwa vijana wanaojinyima ili wapate simu mpya. Stockfish ikiachwa na nguvu zake zote kwenye simu ya kawaida inamshinda binadamu yeyote aliye hai. Ukiiongezea pointi 100 juu ya hapo hutaziona kamwe, kwa sababu utafungwa vilevile. Kasi ina faida kwa anayechambua michezo ya mabingwa kwa kina, au anayetengeneza programu. Kwako wewe unayejifunza, franka hizo zina kazi bora zaidi: ubao wa kawaida na kete zake, ambao hautaki chaji na unaokukutanisha na mtu. Kama hakuna wa kununua, seremala anaweza kuuchonga.

Swali la mwisho watu huuliza kuhusu wao wenyewe: mimi nina pointi ngapi? Njia ya kukadiria ipo. Weka programu kwenye 1500, cheza michezo 20 bila kurudisha hatua hata moja, na uhesabu. Ukipata kumi, uko karibu na 1500 kwa kipimo cha programu hiyo. Ukipata 15, jiongezee kama 200. Ukipata tano, jipunguzie kama 200. Usizilinganishe pointi hizo moja kwa moja na za FIDE, kwa kuwa programu iliyopunguzwa nguvu haikosei kama binadamu anavyokosea: inacheza vizuri kabisa hatua kumi, kisha inatoa farasi bure. Na zile 3500 unazoziona kwenye orodha za programu zilihesabiwa kwa programu kucheza na programu, si na watu.

Pointi za FIDE zenyewe hazipatikani kwenye simu. Jina lako linaandikishwa kupitia shirikisho la sataranji la nchi yako, na unahitaji kucheza angalau michezo mitano dhidi ya watu wenye pointi tayari, ana kwa ana, katika mashindano yaliyosajiliwa na yanayosimamiwa na mwamuzi anayetambuliwa. Kabla ya kulipa ada ya mashindano yoyote, muulize mwandaaji swali moja: je, matokeo yatapelekwa FIDE? Kama jibu ni hapana, cheza kwa kujifunza, ukijua kwamba pointi hazitaandikwa.